Nimeokoka, naimba kwaya, maombi mengi yamejibiwa, lakini furaha sina. Tatizo nini?

SautiYaKwanza
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo, na ambao hamsali popote pia habari zenu.

Naomba niwe mkweli maana humu hakuna anayenijua. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Mwanza, nimeokoka tangu nipo sekondari na kwaya naimba miaka na miaka, sauti ya kwanza. Vitu nilivyokuwa namuomba Mungu nikiwa chuo karibu vyote kanipa, mume anayeeleweka, kazi yenye mshahara unaofika mwisho wa mwezi japo kwa kusukuma sukuma, kiwanja Buswelu tumeshapandisha boma, watoto hawaumwi umwi. Sasa nikikaa mwenyewe najiuliza mbona ndani pakavu hivi? Sio kwamba nalia, hapana, yani hakuna kitu tu. Naamka, naandaa watoto, kazini, narudi, nalala, kesho tena.

Jumapili ndo inanimaliza kabisa. Mchungaji akisema mgeukie jirani yako mwambie "nina furaha ya Bwana" nageuka namwambia jirani huku meno yote nje na yeye ananiambia hivyo hivyo, na ukimwangalia usoni unaona kabisa na yeye anamalizia tu zoezi ili tukae. Nikaja kumgusia mama mmoja wa maombi akaniambia nina dhambi ya siri niitubu, au nina roho ya kutokushukuru. Nimetubu mpaka dhambi za darasa la tatu. Nimefunga. Kimya.

Swali langu sasa kwa wanaojua neno. Wagalatia 5:22 inasema furaha ni tunda la Roho. Kama tunda halipo ina maana Roho hayupo? Hilo ndo linaloninyima usingizi kuliko hata hiyo furaha yenyewe. Tafadhali msinitupie mistari bila maelezo, mistari ninayo.

MbeguNjema
Amen mpendwa. Hapo kuna madhabahu ya ukoo inakula furaha yako, nimeona kesi kama hizi nyingi sana. Panda sadaka ya kujimaliza, itaje furaha yako kwa jina kabla hujaitoa, alafu siku saba za maombi ya usiku wa manane. Usipopanda usitegemee kuvuna. Njoo inbox nikuelekeze.

MbishiWaKijiweni
Mtumishi dada kasema mume anae, kazi anayo, boma limepanda, sasa hiyo sadaka inafungua nini tena, bati? Na inbox ya nini si uelekeze hapa hapa wote tusikie.

Mimi sio mtu wa kanisani sana ila Biblia nimesoma. Mleta uzi kasome Mhubiri sura ya 2. Sulemani alijenga majumba, akapanda mizabibu, akachimba mabirika ya maji, akajiwekea waimbaji wanaume kwa wanawake (kwaya yake mwenyewe nyumbani hiyo) na mwisho akasema yote ni ubatili na kujilisha upepo. Kama Sulemani alipata vyote akakuta patupu, wewe na kiwanja cha Buswelu unashangaa nini? Kwani nani kawaambia binadamu anatakiwa awe na furaha muda wote, mbona babu zetu hawakuwa na hili swali.

SautiYaKwanza
😂😂 Mbishi umenichekesha, haya angalau leo nimecheka. Ila babu zetu walikuwa nalo bana, hawakuwa na bando tu la kuliulizia.

NesiWaZamu
Dada pole. Mimi ya kiroho nawaachia wenyewe, naongea kama nesi. Jijibu haya ukiwa peke yako bila kujidanganya. Usingizi unapata au unashtuka saa tisa usiku unabaki unahesabu mabati? Chakula kina ladha? Vitu ulivyokuwa unavipenda zamani, hata kukaa saluni mkapiga stori, bado unavitamani? Umewahi kuwaza bora usingekuwepo? Hali kama hiyo ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili na kuendelea, nenda hospitali, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Na kabla ya kufika huko mwambie daktari akupime wingi wa damu na thairoidi, maana kuna kina mama wanakemewa pepo la uchovu kumbe damu iko chini. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa siku hizi zina kliniki ya afya ya akili, sio mpaka mtu apelekwe Mirembe kule Dodoma kama watu wanavyotishana.

Na kwa sababu wewe ni mtu wa Biblia ngoja niseme hili moja tu. 1 Wafalme 19. Eliya katoka kushusha moto Karmeli, nchi nzima imeona, haupiti muda mrefu yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Anasema yatosha. Sasa angalia Mungu alichofanya. Hakumwambia tubu, hakumuuliza dhambi ya siri ni ipi, hakumwambia mbona hushukuru wakati juzi nimekujibu kwa moto. Kamtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamgusa, inuka ule. Akala akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, inuka ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Yani kala mara mbili, kalala mara mbili, ndo mambo ya mlima Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu yakafuata. Mimi kila nikiingia zamu ya usiku nikakutana na mlokole anayejilaumu kwanini hana furaha huwa namuuliza umekula?

MbeguNjema
Dada nesi na heshima yangu yote, sonona ni roho. Dawa za hospitali zinatuliza tu.

NesiWaZamu
Mtumishi, Timotheo alikuwa na tumbo linamsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, 1 Timotheo 5:23. Paulo yule yule ambaye leso zake zilikuwa zinaponya watu Efeso akamwandikia atumie mvinyo kidogo. Hakumwambia akemee. Tuishie hapo.

SautiYaKwanza
Dada nesi asante sana. Kufa sijawahi kuwaza, namshukuru Mungu. Ila hiyo ya kushtuka usiku ndo yenyewe kabisa, na kula nakula tu kwa sababu chakula kipo mezani. Kupima nitapima wiki hii. Lakini bado swali la Roho halijajibiwa na mtu.

KatekistaMstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu mimi ni Mkatoliki, ukatekista nimeufanya mpaka macho yamekataa kusoma, nina kitu cha kukuambia juu ya huo ukavu.

Zamani sana, karne ya 4, kulikuwa na wamonaki wanaishi jangwani kule Misri. Wengi wao Waafrika wenzetu, wakulima kabisa, waliacha kila kitu wakaenda kumtafuta Mungu. Sasa utadhani watu wa hivyo walikuwa wanaelea kwa raha. Wapi! Mmoja wao Evagrio, aliyefariki mwaka 399, aliandika habari za jaribu ambalo alisema ni zito kuliko yote, wakaliita pepo wa adhuhuri, kutokana na ile Zaburi ya 91 inayotaja uele, yani maradhi, uharibuo adhuhuri. Linamwingia mmonaki kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Jua linakuwa kama limesimama, siku anaiona ina masaa 50. Anachungulia dirishani kuona kama saa tisa imekaribia, maana ndo saa ya kula. Anakichukia chumba chake, anaichukia kazi ya mikono yake, anaanza kuwaza upendo umeisha hapa kati ya ndugu, hakuna hata mmoja wa kunifariji. Na kama siku hizo kuna mtu kamuudhi, pepo anaongezea hapo hapo. Alafu anaanza kuwaza sehemu nyingine ambako mambo yangekuwa mepesi, anawakumbuka ndugu zake na maisha ya zamani. Huyo si wewe kabisa unayehesabu masaa ofisini?

Na hawa ndo waliokuwa wanaomba kutwa. Kwahiyo ukavu sio cheti cha kwamba Roho kakuhama. Zaburi ya 88 isome yote, inaanza kwa kulia na inaishia gizani, hakuna hata mstari wa kushangilia mwishoni, na bado imo katika Biblia na sisi tunaisali.

Dawa yao sasa. Antoni Mkuu, mmonaki mwenzao, naye lilimpata, akamlilia Mungu nataka kuokoka na mawazo haya hayaniachi, nifanye nini? Akatoka nje kidogo akamwona mtu kama yeye, amekaa anasuka kamba ya majani ya mtende, anaacha anasimama anasali, anakaa tena anasuka, anasimama tena anasali. Kumbe ni malaika. Akamwambia fanya hivi nawe utaokoka. Basi. Hakupewa maono ya mbingu ya tatu, kapewa kamba. Na inasemwa Antoni alifurahi sana kusikia hivyo.

MbishiWaKijiweni
Aisee katekista hii ya masaa 50 ni mimi Jumatatu. Kumbe nina pepo la kimonaki.

KatekistaMstaafu
Wewe una uvivu wa kawaida.

MzeeWaMuleba
Nimesoma wote, nesi na katekista wamesema vizuri, mtumishi wa mbegu sina la kusema. Mimi ni Mlutheri wa Kagera, umri umekwenda, mnivumilie nitaandika kirefu na simu hii ya kugusa inanikimbia.

Binti, nikujibu swali lako la Roho kwanza. Mbuni, mti wa kahawa, kule kwetu hauzai mwaka mzima na hakuna mtu anayeung'oa kwa sababu mwezi huu hauna buni. Hilo la kwanza. La pili, soma Wagalatia 5 yote usiruke kwenda mstari wa 22. Anza wa 15. Paulo anasema mkiumana na kulana angalieni msije mkaangamizana. Ndo anakuja kutaja matendo ya mwili, na humo katikati kuna uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka. Alafu ndo tunda la Roho, upendo, furaha, amani, uvumilivu. Sasa hao Wagalatia walikuwa wanagombana. Hiyo orodha watu wanaisoma kama vipimo vya daktari, kila mtu anajipima kifuani mwake nina furaha kiasi gani, nina amani kiasi gani, wakati aliyeandika alikuwa anaongelea watu wanavyoishi pamoja. Upendo unautolea wapi peke yako? Uvumilivu unamvumilia nani? Na furaha hivyo hivyo, imekaa katikati ya hizo mbili, haikai pembeni mwenyewe.

Chukua na Wafilipi, barua watu wanaiita ya furaha, Paulo yuko kifungoni anaandika. Ule mstari wa 4:4 mnaouimba, furahini katika Bwana siku zote tena nasema furahini, rudi nyuma kidogo tu mstari wa 2. Namsihi Euodia, namsihi Sintike, wawe na nia moja katika Bwana. Ni akina mama wawili wa kanisani, wafanyakazi wa injili kweli kweli, anasema waliishindania injili pamoja naye, na hawaelewani, na kanisa zima linajua, mpaka kataja majina yao barua isomwe mbele ya watu. Ndo kutoka hapo anasema furahini. Mimi sijawahi kusikia mhubiri anaanzia mstari wa 2. Wote wanaanzia wa 4. Na usidhani Paulo mwenyewe alikuwa anacheka muda wote humo kifungoni, sura ya 2 Epafrodito, mwenzake wa kazi, alipougua karibu ya kufa Paulo anasema Mungu alimhurumia "nisipate huzuni juu ya huzuni". Maana yake huzuni ya kwanza alikuwa nayo tayari. Na bado anaandika furahini. Kwahiyo mtu anayekuambia ukiwa na Yesu huwezi kuwa na huzuni, huyo Wafilipi hajaimaliza.

Nikumbushe na mambo ya kwetu. Ule uamsho ulioanza miaka ya 1930 Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda ukaingia Kagera, wazee wetu walioupitia walikuwa watu wa kuimba mpaka njiani. Vijana mnaona nyimbo tu. Hamuoni kilichokuwa kinatangulia. Mtu akiguswa alikuwa anarudisha jembe aliloiba, analipa deni la zamani, anakwenda kwa jirani waliyenuniana anamwambia nilikuchukia kwa sababu hii na hii nisamehe. Wamisionari na Waafrika waliungamiana wao kwa wao, jambo ambalo enzi zile za ukoloni halikuwa dogo. Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Kuimba kulifuata. Sasa siku hizi sisi tumechukua kuimba tukaacha jembe la watu ndani.

Sikulaumu binti, sikujui. Ila nakuuliza, hapo kwenye kwaya mnapatana?

SautiYaKwanza
Shikamoo mzee.

Sijui umejuaje. Nimesoma hiyo ya Euodia nikafunga simu nikaenda kufua, nimerudi sasa hivi.

Haya. Mwaka jana tulishona sare za kwaya, mimi nikapewa kazi ya kukusanya michango na kununua vitenge. Rafiki yangu mmoja, huyo ndo tulikuwa kama pacha, tumeokoka pamoja, mtoto wake wa kwanza ni mimi nimemsimamia ubatizo, akaja kusikika anasema hela za vitenge nimekula nikapandishia boma. Aliniambia mtu mwingine, yeye hajawahi kuniambia mpaka leo. Mimi risiti ninazo zote na bei ilipanda kati kati kila mtu anajua. Mwenyekiti wa kwaya akasema tuyaache tusonge mbele tuna uzinduzi. Tukasonga. Mpaka leo tunasimama mstari mmoja, bega kwa bega kabisa, tunashare maiki, mazoezi yakiisha kila mtu anachukua pochi yake anapita mlango wake. Tunaimba upendo huku hatusalimiani. Na mimi nimeshajiambia nimemsamehe, nimesamehe kwenye maombi mara nyingi tu, nikaona imeisha. Na sijaona kama inahusiana na hili swali langu hata kidogo, nilikuwa nafikiri tatizo langu ni kati yangu na Mungu.

NesiWaZamu
Dada hilo halifuti kupima damu. Yote mawili.

MbishiWaKijiweni
Ila mwenyekiti naye, "tuyaache tuna uzinduzi". Hawa watu wapo kila kwaya nchi hii.

MbeguNjema
Mpendwa hapo umeguswa. Nakubaliana na mzee kwenye hili. Mathayo 5:23-24, ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka uende kwanza ukapatane naye.

MbishiWaKijiweni
Leo mtumishi kasema iache sadaka. Nimepiga skrinishoti.

KatekistaMstaafu
Mwanangu angalia usije ukageuza na hili likawa kafara, kwamba nikipatana leo basi kesho asubuhi naamka naruka ruka. Inawezekana mkapatana na ukavu ukabaki kwa muda. Unapatana naye kwa sababu ni ndugu yako. Na akikataa je? Hapo utafanya nini, utarudi kusema Mungu kanidanganya? Jiandae na hilo pia. Zaburi zako uendelee kusoma hata kama haziingii, mazoezi uende, watoto wako uwapikie. Kamba ndo hiyo.

SautiYaKwanza
Nimewaelewa wote, hasa hapo pa katekista maana kweli nilishaanza kupiga hesabu kwamba Jumapili hii nitakuwa mtu mpya. Nimemtumia meseji asubuhi, nimemwambia tu naomba tuonane Jumamosi kabla ya mazoezi. Tiki za bluu zipo, jibu hamna. Nimtumie nyingine? Au nimwambie mwenyekiti atukutanishe? Au mama mchungaji?

MzeeWaMuleba
Marahaba binti yangu, salamu yako sikuijibu.

Ya pili usitume, amesoma, mwache ailalie. Mwenyekiti usimwite wala mama mchungaji, sio sasa. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu, hao wengine ni hatua za mbele mkishindwana. Jumamosi fika mapema ukae pale anapopitia, usimvizie mlangoni kama mdai. Umwanzie na mtoto, huyo uliyemsimamia ubatizo, muulize anaendeleaje shule, maana huyo ni wenu wote. Ukisikia sauti imelegea ndo umwambie yaliyokufikia na yalivyokuuma, na umwache na yeye aseme yake mpaka mwisho, hata akisema ambayo sio. Na zile risiti za vitenge beba, ila zikae kwenye pochi mpaka aziulizie mwenyewe.